Kahawa Isiyopigisha Moyo

Asegedech alianguka juu ya buni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake ghalani, lundo mbele yake, mikono ikichambua yenyewe kama ilivyozoea tangu usichana wake, na moyo ulipomgeuka akalala kifudifudi juu ya lile lundo. Wenzake walidhani amesinzia. Kwetu Dire Dawa, jua likishakaa utosini hata mbuzi husinzia wamesimama. Yeshareg, msimamizi wa wachambuaji, akampigia kelele kutoka mlangoni: "We Asegedech! Hizo ni buni, si godoro!" Wanawake wakacheka. Walipomgeuza, midomo ilikuwa ya kijivu na buni zimemganda shavuni kwa jasho.

Mimi nilikuwa nje ya lango na magunia yangu matupu, nasubiri takataka. Ndiyo biashara yangu. Buni nzuri za milima ya Harar hupakiwa zikaenda Jibuti na kuvuka bahari. Zinazokataliwa, yaani nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zilizochacha, nazinunua mimi, nakwenda kuziuza sokoni Kefira kwa watu wa mji. Jioni Asegedech alikuwa akinichambulia nyumbani kwake zile takataka mara ya pili, na jicho lake lilikuwa linaokoa kwenye gunia kitu ambacho jicho la mwingine lingekipita. Kwa hiyo nilipomwona anabebwa niliita bajaji mimi mwenyewe, nikapatana na dereva kabla mgonjwa hajapandishwa, maana akishapandishwa bei inakuwa nyingine.

Daktari wa zahanati alikuwa kijana mwenye haraka na adabu. Akamsikiliza moyo, akamtoboa kidole, akampima presha, akampima tena kama mtu asiyekiamini kipimo chake.

"Mama, unakunywa kahawa?"

Asegedech akanitazama mimi. Ni kama kumuuliza mtu kama huwa anapumua.

"Nakunywa."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Asubuhi. Halafu mchana. Halafu alasiri."

"Kikombe kimoja kimoja?"

"Mwanangu, kwani wewe umezaliwa wapi?"

Daktari akainamisha kichwa, akatabasamu, maana naye alizaliwa hapa hapa. Jebena, birika letu la udongo, ikitoka motoni haimiminwi mara moja tu. Kwanza abol, nzito. Halafu maji yanaongezwa, inachemka tena, hiyo ni tona. Halafu ya tatu, baraka, ambayo ndiyo mtu huondoka nayo. Anayeinuka kabla ya baraka ameiacha nyumba ya watu vibaya.

"Na sukari?"

"Mpaka kijiko kisimame."

Daktari akaweka kalamu chini. "Wapo watu ambao kahawa haiwafanyi kitu. Wewe inakufanya. Moyo wako unaruka hatua, na kafeini iliyomo ndani ya kahawa inausukuma uruke zaidi. Sukari ya damu nayo imepanda. Kahawa uache. Sukari uache."

"Basi nitatia chumvi, kama tulivyokuwa tunakunywa kwetu milimani."

"Chumvi nayo uache, mama. Presha."

"Sasa mdomo wangu utafanya kazi gani?"

"Utazungumza."

"Nitazungumza na nani bila kahawa?"

Hakuwa anatania. Asegedech alikuwa anaishi kwenye ua mmoja wa nyumba tatu: ya kwake, ya Yeshareg, na ya Sureya mshona nguo. Mimi nilikuwa ng'ambo ya kichochoro. Kahawa ya alasiri ilikuwa inazunguka, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hapo ndipo mambo yote yanapopangwa, na kubwa kuliko yote ni kazi. Kwa maneno ya karatasini ghala ndilo linaloajiri. Kwa kweli kila asubuhi ya msimu Yeshareg husimama langoni, wanawake wamejaa mbele yake, na kidole chake ndicho kinachosema nani aingie. Sijawahi kuona kidole hicho kikimruka mtu aliyekunywa naye kahawa jana yake.

Na Asegedech alikuwa anauhitaji msimu ule kuliko misimu yote. Mumewe, aliyekuwa fundi wa reli, alikufa zamani. Binti yao Saba alikuwa chuo cha ualimu Harar, mwaka wa mwisho. Msimu mmoja tu, basi. Ukikatika huo, Saba angerudi bila cheti na angekaa kwenye kigoda kando ya mama yake, mikono ikinuka vumbi la gunia. Asegedech alikuwa ameapa kwamba mwanawe hatakaa pale. Aliniambia hivyo ndani ya bajaji wakati tunarudi, akiwa bado na midomo ya kijivu. "Mulu," akasema, "nipatie njia. Wewe si ndiye unayejua njia?"

Nikamwambia aanze na njia ya kawaida: aseme ukweli.

Alasiri iliyofuata zamu ilikuwa ya Yeshareg. Nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni, ubani unafuka, bisi kwenye ungo. Yeshareg akamimina abol kutoka juu, uzi mmoja mwembamba usiokatika, kikombe baada ya kikombe. Kilipofika cha Asegedech, yeye akakifunika kwa kiganja.

"Leo nimeshiba."

"Umeshiba kahawa?" Yeshareg akasema, jebena ikiwa bado hewani. "Umeinywa wapi? Kuna ua mwingine?"

"Labda ameokoka," Sureya akasema. "Wale wa kanisa jipya nyuma ya reli hawainywi."

"Sijaokoka."

"Mimi Mwislamu, Etiye, hunitishi. Nataka tu kujua tukuzike wapi."

"Daktari amenikataza. Moyo."

"Daktari!" Yeshareg akacheka. "Yule mtoto? Mama yangu alikunywa kahawa mpaka dakika anakata roho. Ilikuwa bado mdomoni."

"Si ndiyo maana akakata roho," Sureya akasema, tukacheka wote, hata Yeshareg mwenyewe. Halafu akamwondoa Asegedech kiganja taratibu, akakijaza kikombe, akatia sukari, akakoroga, akakisogeza mbele yake.

Kikombe kilikaa pale. Tona ikapita, baraka ikapita, abol ya Asegedech ikapoa na kuota utando. Kwetu kikombe kilichopoa mbele ya mtu kinapiga kelele kuliko tusi.

Kesho yake langoni kidole cha Yeshareg kilimruka. "Pumzika kwanza, Etiye," akamwambia. "Si unaumwa?" Alimwita Etiye, dada mkubwa, kwa sauti ya huruma. Ingekuwa afadhali amtukane.

Asegedech akajaribu njia yake mwenyewe. Watu wetu wote wanaamini kwamba baraka ni maji tu, kwamba nguvu ya buni imeishia kwenye abol na tona. Kwa hiyo akawa anachelewa makusudi, anajidai ana nguo za kufua, anaingia wakati jebena iko motoni mara ya tatu. Siku za mwanzo Yeshareg alivumilia. Halafu akasema mbele ya wote: "Huyu anakuja kurithi tu, mazishi hayataki." Na si hilo tu. Buni inayochemshwa mara ya tatu bado ni buni. Alasiri moja baada ya baraka nilimkuta ameshika ukuta wa choo, anahesabu mapigo kwa kidole shingoni, yanamkataa.

Hapo ndipo nilipoanza kuitafuta kahawa iliyotolewa kafeini. Sikuwa na huruma maalumu. Magunia yangu yalikuwa yanarundikana, na niliyempa kazi ya Asegedech kwa muda alikuwa hawezi kutofautisha buni iliyochacha na jiwe.

Ya kwanza niliipata kwenye duka la hoteli moja mtaa wa Kezira. Kopo la Ulaya, picha ya mwanamke anayecheka, tarehe iliyofutikafutika. Unga wake ulikuwa umeganda. Asegedech akaonja, akaitema kwenye kiganja, akaitazama.

"Hii ni nini?"

"Kahawa."

"Nani kakwambia?"

"Kopo."

"Basi mpe kopo ainywe."

Ya pili ilikuwa ile ya kukoroga kwenye maji ya moto. Ilikuwa na ladha ya kamba iliyoloweshwa. Na hata ingekuwa tamu isingetusaidia. Kahawa ya kukaribishana lazima ioshwe ikiwa mbichi mbele ya wageni, ikaangwe mbele yao, moshi wake upitishwe puani kwa kila mmoja, itwangwe wakisikia. Ukimtolea mtu unga wa kopo umemwambia aende zake. Tulihitaji buni mbichi, na zisizo na kafeini, na nzuri.

Nikamwendea Bwana Girum. Yeye ndiye mwonjaji wa kampuni moja ya kusafirisha kahawa, ana chumba chenye meza ya duara na vikombe vyeupe, na mimi namfahamu kwa sababu takataka za chumba chake nazinunua pia. Nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa.

"Mulumebet, unataka kahawa iliyokufa? Wewe?"

"Unayo au huna?"

Alikuwa nayo. Mnunuzi mmoja wa Ujerumani alikuwa amechukua buni za Harar, zikatolewa kafeini huko huko, na kifuko kikarudishwa ili wakubwa wa kampuni waone kinachofanyika. Akanifungulia. Buni mbichi kwa kawaida ni za kijani. Hizi zilikuwa za kahawia, zimefifia, kama zilizosahauliwa juani.

"Hii ni mali ya thamani," akaanza. "Huwezi kuipata nchi nzima."

"Mwisho wa mwezi unaitupa."

"Nani kasema?"

"Anayekufagilia chumba ni mteja wangu."

Akakivuta kifuko kwake. "Kifuko hiki kina idhini maalumu."

"Kina wadudu pembeni hapa, angalia. Bwana Girum, mkeo anabatiza mtoto mwezi ujao. Shangazi yangu Harar anatengeneza samli na pilipili ya berbere. Nikuletee ile ambayo mji mzima utakuuliza umeipata wapi, au nikuache na idhini yako?"

Tukakubaliana samli na berbere. Nilimpa samli ya daraja la pili, na yeye alinipunja robo ya kifuko, kwa hiyo hakuna aliyeonewa.

Asegedech alizikaanga mwenyewe. Akaniambia zinataka moto mdogo, kwamba zinaungua upesi kwa kuwa ndani hazina ukaidi, na kwamba hazipasuki kwa mlio kama nyingine. Nikapiga chafya kwa moshi. Akamimina, akaonja bila sukari kama alivyoamriwa, na uso wake wote ukajikunja kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Chungu."

"Kahawa ni chungu."

"Kahawa ni tamu. Tangu nimezaliwa ni tamu."

Ilimchukua muda. Alikuwa anakunywa kama dawa, anameza haraka na kutafuna bisi juu yake. Akajaribu kuziba pua. Akajaribu kulamba kidole alichogusisha kwenye sukari, nikampiga kofi la mkono. Halafu akagundua mwenyewe kwamba ikipoa kidogo, ukaiacha ikae juu ya ulimi badala ya kuikimbiza kooni, uchungu unatangulia kisha unapisha. Siku moja akanywa na uso haukujikunja. Akakaa na kikombe mkononi.

"Mulu, umetia nini humu?"

"Sijatia kitu."

"Kuna ndimu. Halafu nyuma yake kuna zabibu."

"Ni Harar. Si wewe unazichambua?"

Akakiweka kikombe chini. Akaniomba nimtengenezee jebena ya kahawa yangu, ya Kefira, bila sukari, aonje tone moja tu. Nikamtengenezea. Akaonja, na hakumeza. Alitoka mpaka mlangoni akatema uani.

"Hii ndiyo tunayokunywa?"

"Ndiyo hiyo."

"Ina ukungu. Ina gunia. Ina..." akatafuta neno, "ina panya."

"Ndiyo maana tunatia sukari mpaka kijiko kisimame."

Akakaa chini. Mikono ile ilikuwa imeshika buni nzuri kila siku ya Mungu, ikaziweka upande wa wengine, na zilizooza zikamfuata nyumbani kupitia kwangu. Alikuwa hajawahi kunywa nzuri hata mara moja, na ya kwanza kuinywa ilikuwa imeshatolewa roho Ujerumani. Alisema hivyo hivyo, polepole, bila machozi.

"Na wewe ulijua," akasema.

"Nzuri ina bei yake, Etiye. Hata mimi siinywi. Ningekuwa nainywa ningekuwa bado nafagia ghala."

Sasa alikuwa na kahawa. Kilichobaki kilikuwa kuiingiza kwenye ua. Jebena ni moja na watu wote wanakunywa humo, huwezi kumtengea mtu yake, hiyo ni dharau. Lakini zamu yake ikifika angeweza kuwapikia wote buni zile za kahawia, akanywa nao mizunguko yote mitatu kama zamani, na Yeshareg angeona rafiki yake amerudi. Nilimwambia achague siku isiyo na uzito, ajaribu kwanza.

Siku haikuchaguliwa na yeye. Binti wa Sureya, Nejat, alikuwa anaondoka kwenda Arabuni kufanya kazi za ndani, na safari ilisogezwa mbele ghafla. Kahawa ya kumuaga ikaangukia zamu ya Asegedech. Kwetu anayesafiri hunyweshwa baraka na mwenye jebena, kwa mkono wake, wakubwa wakimwombea. Safari inafungwa hapo. Mwislamu, Mkristo, hakuna tofauti.

"Kaanga za kawaida," nikamwambia.

"Nikikaanga za kawaida lazima ninywe. Mwenye zamu hawezi kufunika kikombe siku ya kuaga. Na nisipokunywa nao leo, langoni sitaonekana mpaka msimu uishe."

"Basi weka pazia na ubani mwingi."

Akaweka pazia, akaweka ubani. Lakini wale walikuwa wachambuaji, na mwanamke aliyekaa na buni maisha yake yote humfichi buni kwa kufunga dirisha.

"Mbona zimeshakaangwa?" Yeshareg akauliza zile mbichi zilipokuwa zinaoshwa.

"Nilizianza mapema."

Kikaango kikakaa motoni. Kila mtu, bila kujua kwamba anafanya hivyo, anasubiri ule mlio wa buni kupasuka. Haukuja. Asegedech akaongea kwa sauti kufunika ukimya, akamsifia Nejat kitambaa. Moshi ukapitishwa, wakaupunga puani, Sureya akasema una harufu ya mbali. Abol ikanyweka. Tona ikanyweka. Asegedech alikunywa zote mbili bila sukari, na nilimwona anashusha mabega, moyo umetulia, anacheka kicheko chake cha zamani. Yeshareg naye akamgonga goti: "Si unaona? Umepona. Daktari mwongo."

Ilikuwa baraka inapomiminwa. Nejat amepiga magoti, Sureya ameshainua viganja vya dua. Yeshareg, ambaye vidole vyake havijui kukaa, alikuwa anapapasa nyasi sakafuni akaokota buni moja mbichi iliyodondoka wakati wa kuosha. Akaigeuza. Akaiuma kwa meno ya mbele, kama tunavyouma ghalani.

"Hii buni imechemshwa," akasema.

Asegedech alikuwa amekishika kikombe mbele ya mdomo wa binti. Angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya, nilikuwa na maneno tayari. Akasema, "Imetolewa nguvu. Ulaya. Kwa sababu ya moyo wangu."

"Zote? Tangu abol?"

"Zote."

Viganja vya Sureya vikashuka. "Mwanangu anaenda kwenye nyumba za watu nisiowajua," akasema. "Hakuna ndugu huko, hakuna jirani. Na wewe unamfungia safari kwa kahawa iliyotolewa nguvu?"

"Ni buni za hapa hapa, Sureya," nikasema. "Ni nzuri kuliko—"

"Wewe nyamaza. Wewe unauza takataka."

Nejat akasimama bila kunywa. Kwenda kuchemsha nyingine hakukuwa na maana, nyumba ilikuwa imeshaharibika. Aliondoka alfajiri bila baraka, na Sureya akaacha kuitikia salamu.

Msimu ukapamba moto. Kidole cha Yeshareg kikaruka, siku baada ya siku, hata hakikujifanya kusitasita. Saba akapiga simu kutoka Harar: chuo kinataka malipo kabla ya Pasaka, la sivyo mtihani hafanyi. Asegedech akamwambia yatakuja. Akakata simu akaniita.

"Nenda kanisemee kwa Yeshareg. Wewe si unajua kupatana?"

Nikaenda. Yeshareg alikuwa anasuka kapu, hakuinua macho.

"Nimempenda yule kuliko dada zangu," akasema. "Alinidanganya kwenye jebena. Aje, anywe kahawa yangu, kwa mkono wangu, abol, tona na baraka, Sureya akiwepo. Kisha yameisha."

"Kikombe kimoja. Moyo wake unamuua."

"Vitatu."

"Nusu nusu, basi. Nani atakayeona?"

"Mimi nitaona."

"Baraka peke yake, na mbuzi mdogo kwa Sureya. Mbuzi natoa mimi."

Hapo aliinua macho, maana hajawahi kusikia nimetoa mbuzi. Lakini akatikisa kichwa. "Mulu, hii si Kefira."

"Bila sukari, angalau."

Akafikiri. "Sukari yenyewe imeadimika. Asipoitaka nitakuwa nimeokoa."

Ndicho nilichopata. Nikarudi nikamwambia Asegedech.

"Umenipatia sukari tu?"

"Ulinipa nini cha kupatania?"

Akajifunga shuka lake jeupe, akaenda. Niliketi kando yake. Yeshareg alimimina abol, uzi mmoja, akamkabidhi mkononi. Ilikuwa kahawa yangu mimi, ya Kefira, nilijua gunia lenyewe. Asegedech akainywa tupu, yenye ukungu na panya wake, na uso haukujikunja. Wale wengine wakakoroga sukari yao. Tona. Mshipa wa shingoni ulikuwa umeanza kuruka, niliuona chini ya ngozi. Baraka. Alipokiweka chini kikombe Sureya aliangua kilio, akamkumbatia, akambusu mabega yote mawili, akamwambia Nejat amefika salama, amepiga simu, nyumba ina watoto wengi. Yeshareg akafuta macho. Ninachosema ni kwamba walimaanisha. Hakuna aliyekuwa anaigiza pale.

Asubuhi kidole kilimwita wa kwanza kabisa.

Alifanya kazi msimu wote uliobaki, na kila alasiri alikaa kwenye kahawa, kwa sababu kilichorudishwa kwa kunywa hudumishwa kwa kunywa. Nilimfundisha kumwaga kidogo kwenye nyasi wakati wanacheka. Mara aliweza, mara Yeshareg alikuwa anamtazama. Asubuhi, peke yake, alikuwa anakunywa ile ya kahawia, tupu, taratibu, anasema inamsahaulisha ile nyingine. Malipo ya Saba yalifika chuoni kabla ya Pasaka. Baada ya Pasaka miguu ya Asegedech ilianza kuvimba, kisha akawa hawezi kupanda ngazi ya ghala, kisha akawa hawezi kulala chali. Daktari yule yule alikuja nyumbani, akauliza kama aliacha kahawa, akatazama vikombe, hakungoja jibu.

Alinikataza kumwambia Saba. "Yuko kwenye mtihani. Akiweka kalamu chini, ndipo umwambie."

Siku ya mwisho niliyokaa naye aliomba ile ya kahawia. Nikaikaanga mimi, kwa mara ya kwanza. Nikamwinua mgongo, nikamshikia kikombe. Akaiweka ulimini, akaiacha.

"Umeiunguza."

"Nimekaanga kama kawaida."

"Hizi hazitaki kawaida. Nilikwambia moto mdogo. Wewe unasikia bei tu."

"Nitie sukari kidogo? Sasa hivi itakudhuru nini?"

"Ondoa hiyo sukari yako hapa."

Akanywa nusu. Nusu nyingine nikaimaliza mimi, na ni kweli nilikuwa nimeiunguza.

Saba alipata habari baada ya karatasi ya mwisho, akafika tumeshazika. Sasa anafundisha shule moja karibu na Harar. Siku ya msiba Yeshareg alilia kuliko ndugu wa damu, akajipiga kifua mpaka tukamshika mikono. Kesho yake asubuhi alinisimamisha kichochoroni, macho bado yamevimba, akaniuliza kama namfahamu mwanamke mwenye jicho zuri, maana ghalani kuna nafasi na meli haisubiri. Nilikuwa namfahamu mmoja. Nikamtaja.